Mikono Aliyonipokelea Baba

Ndugu zangu, nawasalimu wote, mlioketi mbele na mlioketi nyuma. Leo hasa wa nyuma. Naomba aliye karibu na dirisha alifungue kidogo, maana mimi nikilia napumua kama cherehani mbovu, na mwenyekiti atadhani tumerudi kule tulikotoka. Msiogope. Mlango wa moyo wangu unafunguka vizuri sasa, daktari amethibitisha.

Nimeandika haya kwenye daftari. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkiona nimesimama katikati ya maneno, si machozi peke yake, mwandiko nao una sehemu yake.

Mwenyekiti ameniomba nishuhudie mara tatu. Mara mbili nilikataa. Nilijua mnataka kusikia ya ndege, ya hospitali ya ng'ambo na jinsi nilivyopona, halafu tupige makofi, tunywe chai, twende nyumbani. Lakini ushuhuda wangu una kipande ambacho kila mtu humu anakijua na hakuna anayekitaja. Katika jumuiya hii kuna watu ambao hawajasalimiana tangu baba yangu afariki. Mimi ndiye niliyeanza. Leo nataka nimalize, kama mtanivumilia.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoumwa koo. Koo tu, ndugu zangu! Nikanywa maji ya limau, likapoa. Baada ya wiki chache magoti yakavimba, viwiko vikavimba, homa ikanilaza, nayo ikapita. Hakuna aliyejua nyumbani kwetu kwamba koo la mtoto likiachwa bila dawa linaweza kuteremka likauharibu moyo. Mama yetu alikuwa ameshatangulia. Baba alikuwa kazini reli, fundi wa breki za mabehewa, mtu anayesikia chuma kikilia toka mbali akakwambia kinaumwa wapi. Mimi nilikuwa naumwa ndani ya nyumba yake na hakusikia. Hilo lilimtesa mpaka mwisho.

Nilipoanza sekondari nilikuwa sipandi tena kilima cha Nsambya bila kusimama. Nilivaa viatu vya kamba makusudi, nipate sababu ya kuinama. Wenzangu walisema, "Huyu viatu vyake havifungiki kwani?" Mwisho nikaacha shule, nikaingia saluni hapa hapa Kampala, kule Kamwokya, kusuka, kwa sababu kusuka unakaa.

Lakini nilikuwa na ndoto. Nilitaka kuwa mhudumu wa ndege. Pale saluni nilishika kitana kama kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, karibuni ndani, fungeni mikanda, tunaruka kutoka Kamwokya." Wateja wanacheka mpaka rasta zinaniponyoka. Baba aliniita Rubani. Nikamwambia rubani ni yule anayeendesha, mimi nataka kugawa soda. Akasema, "Bila wa kugawa soda, abiria gani atapanda? Wewe ni rubani."

Halafu ugonjwa ule wa dunia nzima ukaja, saluni zikafungwa, na mimi nikaanza kulala nimekaa. Nikijilaza, maji yanapanda kifuani. Nilikuwa nakohoa, na majirani wakaanza kupita mbali na mlango wetu. Kumbukeni hilo, kwamba nami nilishakwepwa kwa sababu ya kikohozi.

Daktari alimwita baba pembeni, lakini pembeni yenyewe ilikuwa hatua tatu, nikasikia yote. Alisema mlango mmoja wa moyo wangu umeshikana, umebaki kama tundu la kifungo. Wanaweza kuufungua kwa mrija mwembamba unaopitishwa pajani mpaka moyoni, wenye puto dogo mbele. Wataalamu waliokuwa wakija kufanya kazi hiyo hawaji tena, wamefungiwa kwao. Ni kwenda India, na ni mapema.

"Mapema lini?" baba akauliza.

"Uwanja wa ndege ukifunguliwa. Na huyu asiugue kitu kingine hapo katikati. Hata mafua."

Michango yenu, sitasema hesabu hapa. Kila mmoja anajua alichotoa, na Mungu pia anajua. Uwanja ukafunguliwa. Barua ya hospitali ikaja, viza ikaja, tiketi mbili, yangu na ya baba. Ikabaki wiki moja.

Sasa hapa nawaomba mnisikilize vizuri.

Mnajua desturi yetu. Katika jumuiya hii msafiri haondoki na mabega matupu. Kila mtu anamwekea mkono begani, anasema neno moja, anapisha mwingine. Mimi nilikuwa nimewawekea wengi mikono tangu utotoni, nikisubiri siku yangu. Na siku yangu ilipofika, mikusanyiko ya nyumbani ilikuwa imekatazwa.

Nikamwambia baba, "Nitaondokaje kama mwizi?"

"Serikali imekataza. Daktari amekataza."

"Na nisiporudi?"

Hiyo ndiyo silaha niliyotumia. Nilijua ina makali, nikaitumia. Baba akasema neno lile la Kiganda la kukubali, la mtu wa Kampala aliyeshindwa: "Kale. Lakini wewe utakaa chumbani, dirishani. Hutagusana na mtu."

Mkaja Jumapili alasiri, watatu watatu, akina mama na vikapu vya mboga kana kwamba mnapita sokoni, ili mwenyekiti wa mtaa asishtuke. Wimbo wa kwanza mliimba na barakoa. Wa pili zikashuka puani. Wa tatu ziko kidevuni zote, na ya baba ilikuwa mfukoni, maana nani anaimba besi kupitia kitambaa? Mimi niko chumbani, mlango umefunguliwa robo, nawatazama. Sijawahi kufurahi vile.

Ikafika saa ya mikono. Mkatazamana. Msafiri haguswi, tutafanyaje? Baba akapiga magoti katikati ya sebule, fundi mzima wa reli na magoti yake mabovu, akasema, "Wekeni mikono juu yangu. Mimi nitamfikishia."

Mkaja mmoja mmoja. Mama mmoja, anayetupikia mandazi, simtaji jina na msigeuke kutazama, alipoweka mkono wake alikohoa mara tatu. Mtu akamtania, "Mama, hiyo ni korona au ni makaa?" Naye akajibu, "Ni mandazi yenu hayo! Mkila hamuulizi moshi umeenda wapi." Mkacheka. Baba alicheka chini ya mikono yenu mpaka mabega yakatikisika.

Mlipoondoka baba alisimama mlangoni pa chumba changu, hakuingia. Akagusa mabega yake, moja, na la pili. "Nimeipokea yote. Mizito kweli. Nitakukabidhi tukifika salama."

Alhamisi tukapimwa pua, maana bila karatasi ile hupandi ndege. Ijumaa majibu yakaja. Langu safi. La baba lina ugonjwa.

Hakuwa hata na mafua, ndugu zangu. Alikuwa amekaa kitandani anapiga rangi viatu vyake vya safari. Dada yangu alimsomea majibu akiwa nje ya dirisha, na baba akaendelea kupiga rangi kile kiatu cha pili mpaka kikang'aa. Kisha akavipanga chini.

Jioni akanipigia simu kutoka chumba cha pili. Nyumba moja, ukuta mmoja, tunaongea kwa simu.

"Siendi," nikamwambia.

"Unaenda."

"Baba, sijawahi hata kufika Jinja peke yangu!"

"Rubani, nimefanya kazi ya reli maisha yangu yote. Sijaona treni inarudi nyuma kwa ajili ya abiria mmoja. Mimi nimebaki steshenini. Wewe umeshapanda."

"Na mikono?"

"Ninayo. Haiharibiki."

Kesho yake nikiondoka nilimwona kwenye dirisha, mkono umeinuliwa. Ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho.

Mtaniuliza, ndege ilikuwaje? Niliyoiota tangu utoto! Nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Wahudumu wa ndege walikuwa wamevaa maovaroli meupe toka kichwani mpaka miguuni, miwani ya plastiki, glavu. Sikuona hata meno ya mmoja. Mmoja aliniletea soda, akaiweka, akarudi nyuma haraka. Kiti cha pembeni yangu, cha baba, hakikukaliwa na mtu. Niliufunga mkanda wake. Sijui kwa nini. Niliona haufai kuning'inia.

Kule nikawekwa peke yangu siku kadhaa kabla ya matibabu. Ukuta mweupe, chakula mlangoni. Dada akaniambia baba amepelekwa hospitali, anahitaji hewa kidogo, asisumbuliwe kwa simu, atakuwa ananitumia sauti. Kweli, sauti ya kwanza ikaja.

"Rubani. Toroli la hapa linalia, halijatiwa mafuta. Wewe umekula nini leo?" Halafu kimya kirefu, kama anasubiri nijibu. Kisha: "Vizuri. Kula tena." Nyuma yake mvua kubwa inapiga bati.

Nikarekodi jibu, nikatuma. Kesho yake ikaja ya pili. Mvua inapiga bati. "Rubani, usiogope sindano, wewe ndiye unayewachoma wenzako kwa kitana." Siku iliyofuata ya tatu. Mvua. Pumzi inakatika katikati ya maneno: "Ukiingia chumba kile... ufungue macho. Ukatazame. Mimi nilitaka kuona."

Nikamuuliza dada, "Kampala mvua kila siku?"

"Kila siku," akasema. "Barabara zimejaa maji."

Jioni hiyo hiyo rafiki yangu wa saluni akanitumia ujumbe: *Bannange, jamani, huku jua linatuua, vumbi tupu, rudi na mvua kidogo.*

Nilisoma. Nikaizima simu, nikaiweka chini ya mto. Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele za Mungu: nilijua. Mtu hakai siku tatu ndani ya mvua moja. Alikuwa amerekodi zote siku moja, akiwa bado na pumzi ya kurekodia. Nilijua, na nikakataa kujua, kwa sababu nilikuwa naingia chumba kile asubuhi.

Nilifungua macho, kama alivyosema. Hawakunilaza usingizi kabisa, walitia ganzi pajani tu. Kwenye kioo niliona moyo wangu, kitu cheusi kinachohangaika. Daktari akasema kitu, puto likafunguka, na mimi nikavuta pumzi. Sijui niwaelezeje. Pumzi ilishuka, ikashuka, ikafika mahali ambapo haijawahi kufika tangu nina miaka tisa. Walipoutoa ule mrija, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumrekodia baba: "Baba, nimepumua mpaka vidole vya miguu!" Nikatazama simu. Alama mbili zikageuka bluu. Kuna mtu alisikiliza.

Siku niliyotua Entebbe dada alikuwa amesimama mbali na wengine, na alikuwa amevaa koti la kazi la baba. Sikuuliza kama ni kweli. Niliuliza, "Lini?"

"Siku mbili kabla ya wewe kuingia chumba kile."

Alikuwa amezikwa na wanaume sita wenye maovaroli meupe, ndani ya plastiki, dada akitazama toka ng'ambo ya barabara. Mpaka ulikuwa umefungwa, hakupelekwa kwao magharibi ya Kenya alikozaliwa, ambako kaburi la babu limemwachia nafasi. Ninyi hamkuruhusiwa kufika. Mtu aliyebeba mikono ya jumuiya nzima alishushwa bila mkono hata mmoja begani.

Sasa kuanguka kwangu. Mlidhani nilianguka nilipougua? Hapana. Nilianguka nikiwa nimeshapona.

Siku ya nne baada ya kurudi, yule mama alikuja mlangoni kwetu na chupa ya chai na mandazi kwenye karatasi. Alikuwa ametembea. Mimi nikamfungulia, nikasema maneno haya: "Umekuja kumalizia na mimi?"

Aliweka chupa ile chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akashuka ngazi. Na akakohoa huko chini, na mimi nikasema kwa sauti, "Sikia!"

Maneno yangu yakaenda. Mnajua yalivyoenda. Wengine mkasema ni yeye, wengine mkasema ni yule aliyetoka kazi ya mpakani, wengine mkasema ni wimbo wa tatu. Yeye akaacha kuja. Baadaye akawa anakuja mara moja moja, anakaa kwenye benchi la mwisho, na benchi lile likawa lake peke yake. Kikohozi cha moshi wa makaa, ambacho sote tunakijua tangu hatujaota meno, mimi nilikigeuza kesi.

Nami sikupata amani yoyote. Niliacha kwenda kuchomwa sindano yangu ya kila mwezi, ile ya kuzuia homa ile isirudi moyoni. Niliona haina maana. Baba alikufa ili nipumue, na kupumua kwenyewe kulikuwa kunaniuma. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Magoti yakaanza kuvimba tena.

Dada aliyaona. Jumatatu moja, miezi miwili iliyopita, alikuja na simu ya zamani ya baba, akakaa sakafuni, akaanza kulia kabla hajasema kitu.

"Kuna ya nne," akasema.

"Ya nne nini?"

"Sauti. Alisema nikupe siku utakapoanza kutafuta mtu wa kulaumu. Sikukupa. Nami nilikuwa namtafuta."

Ndugu zangu, dada yangu yuko hapa. Hakuna anayemkasirikia. Aliiwasha, na chumba chetu, katikati ya kiangazi, kikajaa mvua.

Sitawachezea sauti yenyewe, hiyo ni yetu nyumbani. Lakini maneno nimeyaandika, nayasoma.

"Rubani wangu. Kama unasikia hii, umeshatua. Sasa usiulize nani. Mlango nilifungua mimi. Barakoa nilivua mimi, nilitaka ile besi. Mikono niliiomba mimi mwenyewe, na ilikuwa mizuri. Huku hakuna anayenigusa bila glavu, basi usiku naihesabu ile, mmoja mmoja, nalala." Hapo anapumua muda mrefu. "Ila nilikuahidi nitakufikishia, na sijafika. Samahani. Nenda kaichukue mwenyewe kwao."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchomwa sindano. Muuguzi akasema, "Nyabo, bibie, ulikuwa wapi?" Nikamwambia, nilikuwa steshenini.

Nawashukuru mlionichangia. Nawashukuru mliompikia dada yangu wakati hamkuruhusiwa kuingia, mkaacha sufuria getini. Namshukuru yule muuguzi wa wodi, sijui hata sura yake, aliyemshikia baba simu mkono wake ulipochoka. Somo langu ni dogo kama shule yangu. Mtoto akiumwa koo na homa, mpeleke kwa daktari, usimwachie limau. Na ile Jumapili tulikosea, nisiseme hatukukosea. Tulipaswa kuimba nje, mbali mbali, na mimi nilipaswa kuondoka kama mwizi. Kosa hilo nililiomba mimi kwa machozi, baba akalifungulia mlango, ninyi mkaliingia kwa upendo. Halina mtu mmoja wa kulibeba. Tuligawane.

Nimefunga daftari. Sasa naomba kitu.

Napiga magoti hapa. Magoti yamepona, msikimbilie. Mikono ile ya Jumapili ni yangu na sijawahi kuipokea. Naomba mje mmoja mmoja mniwekee, kama desturi yetu.

Lakini hakuna atakayeanza kabla ya mama aliye kwenye benchi la mwisho. Mama, chupa yako ya chai ninayo, nimeiosha. Nilikukosea mlangoni kwangu. Njoo. Na ukikohoa, kohoa.